Akihabara: Mtaa wa Umeme na Kisanduku Kisichotazamwa

Jiji la Tokyo, mji mkuu wa Japani, lina mitaa mingi, na kila mtaa una sifa yake. Upo wa maduka ya fahari, upo wa wauza vitabu vikuukuu, na upo wa wauza samaki. Lakini upo pia mtaa mmoja ambao sifa yake ni umeme, ilhali jina lake limetokana na hofu ya moto. Mtaa huo ni Akihabara.

Mnamo mwaka 1869 moto mkubwa uliteketeza nyumba za sehemu hiyo. Nyumba za Wajapani wa zama hizo zilikuwa za mbao na karatasi, na moto ukishika nyumba moja ulikuwa haumwachi jirani. Serikali ikaamuru mahali pale pasijengwe tena, bali paachwe uwanja mtupu, ili moto mwingine ukija ukose cha kula. Mwaka uliofuata likajengwa hekalu dogo la kuombea kinga. Wenyeji wakadhani hekalu hilo ni la Akiba, ambaye tangu kale Wajapani humwomba awaepushe na moto, nao wakaanza kuuita uwanja ule kwa jina lake. Mwaka 1888 hekalu lilihamishwa ili kuipisha reli, na mwaka 1890 ikafunguliwa stesheni ya mizigo. Hekalu likaondoka, jina likabaki.

Msomaji asidhani kwamba nimemletea historia hiyo kwa kupamba maneno tu. Watu wanaomiminika Akihabara siku hizi huja kutafuta mashine zenye nguvu za ajabu, na nguvu yoyote ya umeme isiyopimwa ni moto uliolala. Wale wa mwaka 1869 waliuacha uwanja ili kuuzuia moto. Mnunuzi wa leo hana uwanja, ana kisanduku kimoja cha chuma, nacho ndicho nilichokuja kukisimulia.

KUTOKA REDIO HADI KOMPYUTA

Ukishuka kutoka kwenye treni, fuata kibao kinachoonyesha mlango wa Denki-gai, yaani Mji wa Umeme. Juu ya kichwa chako reli ya Sobu inapita angani juu ya nguzo, na chini ya reli hiyo, mahali ambapo sisi tungetarajia kukuta mama lishe na wauza machungwa, kuna vibanda vyembamba vilivyobanana. Muuzaji huketi katikati ya bidhaa zake kama mtu aliye ndani ya kabati. Huyu anauza nyaya tu, yule swichi tu, mwingine transfoma za kila ukubwa, na wa nne vitaa vidogo kuliko punje ya mchele.

Vibanda hivyo ni watoto wa dhiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tokyo ikiwa magofu, watu wengi walitaka redio lakini hawakuwa na fedha ya kuinunua ikiwa nzima. Wanafunzi wa chuo cha ufundi wa umeme kilichokuwa karibu waliunda redio wenyewe na kuziuza, na wachuuzi wa viungo vya redio wakajipanga barabarani kuwahudumia. Mwaka 1949 uchuuzi wa barabarani ulipigwa marufuku, nao wakapewa nafasi chini ya reli. Mmoja wa majengo yaliyoanza mwaka huo, lililoitwa Radio Store, lilidumu miaka 64 na kufungwa mwaka 2013. Jirani yake, Radio Center, lingali linaendelea.

Redio zikafuatwa na televisheni, televisheni zikafuatwa na majokofu na mashine za kufulia. Mwaka 1976 kampuni ya NEC ilifungua kituo chake katika jengo la Radio Kaikan, ambako vijana walikwenda kujifunza kutumia kompyuta ndogo ya kujiundia wenyewe. Hapo ndipo wapenzi wa kompyuta walipoanza kuugeuza mtaa kuwa wao. Na msomaji wa Dar es Salaam atafurahi kusikia kwamba mpaka mwaka 1989 hapo hapo Akihabara palikuwa na soko kubwa la mboga na matunda. Mtu angeweza kununua kabichi na kapasita katika mzunguko mmoja, kama vile Kariakoo mtu anavyotoka na mchicha mkono mmoja na chaja ya simu mkono wa pili.

Nilikuwa na siku moja tu ya mapumziko kabla ya kurejea nyumbani, nayo ilikuwa Jumapili ya Oktoba mwaka 2025. Siku ya Jumapili, mchana, barabara kuu ya Chuo-dori hufungwa kwa magari, na watu hutembea katikati yake bila wasiwasi. Mwenyeji wangu alikuwa kijana Mtanzania anayesoma huko, mzaliwa wa Morogoro, nami nilimfuata kwa sababu alikuwa na shughuli ya kifamilia iliyomnyima usingizi.

FEDHA ZA KIKOBA

Mdogo wake, aliyebaki Morogoro pamoja na mama yao, ana kompyuta ya mezani ambayo ndiyo shamba lake. Mchana huhariri picha za video za harusi na za kipaimara. Jioni hucheza michezo ya kompyuta pamoja na wenzake. Kazi za video zimekuwa nzito kupita uwezo wa mashine. Harusi moja humchukua usiku kucha kuikamilisha, na wateja wa Desemba walikuwa wamekwisha kumlipa malipo ya awali. Alihitaji kadi mpya ya grafiki, yaani kile kiungo kinachochora picha zote zionekanazo kwenye kioo cha kompyuta. Kaka mtu alikuwa amejinyima miezi mingi, na pungufu lililobaki mama alilikopa katika kikoba chake. Kwa hiyo fedha zile hazikuwa za mchezo. Kadi ikiungua, deni la kikoba haliungui.

Kijana alikuwa amekwisha kuchagua. Aliitaka kadi iitwayo RTX 5070, ambayo kwa kipimo cha watengenezaji hula wati 250. Fedha zake zilitosha kuinunua hiyo peke yake.

Nilipomuuliza kama mashine ya nyumbani ingeweza kuilisha, alinijibu kwa uhakika: "Dada, kisanduku cha umeme cha kule nyumbani kimeandikwa 500. Kadi inataka 250. Si inabaki nusu nzima? Tena kina miaka mitano, hakijawahi kulalamika."

Kisanduku hicho ndicho mafundi wetu wanachokiita pawa saplai. Hukaa nyuma au chini ya boksi la kompyuta, hupokea umeme wa ukutani, nacho huupunguza na kuunyoosha mpaka uwe umeme mpole wa volti 12, volti 5 na volti 3.3 unaofaa kwa viungo vya ndani. Hakina taa za kupendeza, hakiongezi kasi ya mchezo wala ung'avu wa picha. Ndiyo maana mnunuzi humaliza fedha zake kwenye kadi na prosesa, kisha huja kuuliza kisanduku cha bei ya chini kuliko vyote.

KIBANDIKO KINASEMA NINI

Tulipanda ngazi za duka moja la viungo vya kompyuta katika kichochoro nyuma ya barabara kuu. Visanduku vya umeme vilipangwa ukuta mzima kama mikate ya tanuri: wati 550, 650, 750, 850, 1,000, na kuendelea. Muuzaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alisikiliza maelezo ya kijana, kisha akaomba kitu kimoja tu: picha ya kibandiko cha kisanduku cha nyumbani.

Mdogo mtu alipigiwa simu. Baada ya dakika chache picha ikafika. Mzee aliikuza, akaipita ile namba 500 iliyoandikwa kwa maandishi manono, akasimamisha kidole kwenye mstari mdogo wa volti 12. Mstari huo ulisema ampea 18.

Hapa, msomaji, ndipo penye siri yote, nayo ni hesabu ya darasa la sita. Volti mara ampea ni wati. Kumi na mbili mara kumi na nane ni 216. Kadi ya grafiki na prosesa, ambao ndio walaji wakubwa wa kompyuta ya leo, hulishwa kutoka kwenye mstari wa volti 12. Kwa hiyo kisanduku kilichojiita cha wati 500 kilikuwa na wati 216 tu mahali panapohitajika. Nyingine zilikuwa zimehesabiwa kwenye mistari ya volti 5 na volti 3.3, ambayo kompyuta za miaka ya nyuma ziliihitaji sana, lakini za leo huionja tu.

Basi kwa nini hakikuwahi kulalamika? Kwa sababu kadi ya zamani ilikula wati 75, na prosesa katika kazi nzito takriban 90. Ukiongeza feni na diski unapata kama wati 185. Kisanduku kilikuwa kimebeba mzigo karibu na ukomo wake miaka yote mitano, wenyewe wakidhani kina nusu ya akiba. Kwa kadi mpya ya wati 250, hesabu ingekuwa 90 na 250 na 20, jumla wati 360, juu ya mstari wenye uwezo wa 216.

Kijana alinyamaza. Kisha akauliza kingetokea nini. Mzee alijibu, naye akanitafsiria: kisanduku kizuri kikizidiwa hujizima, nawe utaona kompyuta imekata ghafla katikati ya kazi. Kisanduku kibaya hakijui kujizima. Hicho huendelea mpaka kitu kimoja ndani yake kife, na kinapokufa chaweza kupeleka volti zisizo zake kwenye kadi, ubao mkuu na diski yenye harusi za watu.

KWA NINI IACHWE AKIBA

Mtu mwenye kubana fedha atasema: kama jumla ni wati 360, basi nitanunua kisanduku cha wati 400. Lakini watengenezaji wa kadi ile hushauri wati 650. Je, wanatafuta kutuuzia zaidi?

Sababu ya kwanza ni kwamba kadi ya grafiki haili kwa utaratibu. Wati 250 ni wastani. Katika sehemu ndogo ya sekunde, picha inapobadilika ghafla, kadi huweza kuruka juu sana kuliko wastani wake, kisha ikashuka kabla mtu hajapepesa jicho. Kisanduku dhaifu kikiona mruko huo hudhani kuna hitilafu na kuzima. Kanuni za utengenezaji ziitwazo ATX 3.0, zilizotolewa mwaka 2022, zinataka visanduku vikubwa vinavyotumia plagi mpya ya kadi vistahimili mruko wa mara mbili ya uwezo wao kwa muda wa sehemu moja ya kumi elfu ya sekunde. Mnunuzi akiona maandishi hayo kwenye boksi, ajue kwamba kisanduku kimeandaliwa kwa kadi za siku hizi.

Sababu ya pili ni joto. Kisanduku kinachofanya kazi karibu na nusu ya uwezo wake huwa kimetulia, feni yake haipigi kelele, na viungo vyake hudumu. Kinachokimbizwa mpaka mwisho wa pumzi kila siku huzeeka mapema, kama lori linalopanda mlima Kitonga na mzigo wa kupita kiasi.

Sababu ya tatu ni kwamba si umeme wote unaoingia unaofika. Sehemu hupotea kuwa joto. Tangu mwaka 2004 kuna alama iitwayo 80 Plus, yenye ngazi za shaba, fedha, dhahabu na zaidi, inayopima upotevu huo. Chukua mashine inayokula wati 300. Kisanduku chenye ufanisi wa asilimia 90 kitavuta ukutani wati 333. Chenye asilimia 70 kitavuta takriban wati 429. Tofauti yake ni kama kuwasha taa ya zamani ya wati 100 ndani ya boksi mchana kutwa, na LUKU ndiyo inayolipa. Hata hivyo, alama hiyo hupima upotevu peke yake. Haithibitishi kwamba kisanduku kina kinga ya mkondo kuzidi, ya volti kupanda, ya nyaya kugusana na ya joto kali. Kinga hizo hutafutwa katika maelezo ya mtengenezaji.

Na hapa niondoe hofu moja iliyoenea. Kisanduku cha wati 750 hakili wati 750 wakati wote. Hutoa kile kinachoombwa tu. Kuwa na pipa kubwa hakumaanishi kunywa maji mengi.

MLANGO MWEMBAMBA

Umeme hupita kwenye nyaya na plagi, na kila mlango una kipimo chake. Tundu la ubao mkuu ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75. Plagi ya pini sita huongeza 75. Plagi ya pini nane huongeza 150. Kwa hiyo kadi yenye plagi moja ya pini nane haiwezi kutegemea zaidi ya wati 225, na kadi ya wati 250 huhitaji plagi ya pili au plagi mpya ya pini 16.

Plagi hiyo mpya ilitoka mwaka 2022 ikiwa na ruhusa ya kupitisha hadi wati 600. Kwa volti 12, hiyo ni ampea 50 katika kitu chenye upana wa vidole viwili. Mwezi Oktoba mwaka huo, kadi ya RTX 4090 yenye kula wati 450 ilipoingia madukani, baadhi ya wanunuzi walikuta plagi zao zimeyeyuka. Katika nyingi ya hizo iligundulika kuwa plagi haikuwa imesukumwa mpaka mwisho. Mwaka 2023 umbo lake likarekebishwa ili kadi isivute nguvu kama plagi haijaingia vema. Mzee wa duka alionyesha kwa mikono yake: sukuma mpaka isionekane nafasi, wala usiukunje waya karibu na plagi.

Wajapani wanaijua habari ya mlango mwembamba kwa uchungu. Nchi yao ina umeme wa namna mbili. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani ya mizunguko 50 kwa sekunde, na Osaka ikanunua ya Kimarekani ya mizunguko 60. Mpaka leo mashariki ni 50 na magharibi ni 60. Tetemeko la ardhi la tarehe 11 Machi 2011 lilipovizima vituo vingi vya mashariki, magharibi ilikuwa na umeme wa kusaidia, lakini mitambo ya kuubadilisha na kuuvusha iliweza takriban megawati 1,000 tu. Tokyo na mikoa jirani ikapangiwa zamu za giza. Nguvu ilikuwapo, mlango haukutosha.

VOLTI MIA MOJA NA VOLTI 230

Kwa msafiri wa kwetu kulikuwa na jambo jingine la kutazama. Umeme wa majumbani Japani ni wa volti 100, wetu ni 230. Visanduku vingi vizuri vya siku hizi hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 bila kuguswa, na maandishi hayo huonekana kwenye kibandiko. Lakini vipo visivyopokea vyote, na vipo vya bei ndogo vyenye swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230. Swichi hiyo ikiachwa kwenye 115, kisha waya ukachomekwa kwenye ukuta wa Morogoro, kitakachofuata ni mlio na harufu.

Hali kadhalika waya wa ukutani unaokuja ndani ya boksi la Kijapani hutengenezwa kwa volti 125. Haufai kuvishwa adapta na kutumiwa kwetu. Uachwe huko huko, na ununuliwe mwingine wa volti 230 wenye pini tatu za mraba na fyuzi yake.

Kijana alisimama mbele ya ukuta ule karibu saa nzima. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, achukue kadi kubwa kama alivyoiota, na kisanduku cha zamani kiombewe dua. Ya pili, ashuke ngazi moja na kuchukua RTX 5060 Ti, ambayo hula wati 180 na kutosheka na plagi moja ya pini nane. Tofauti ya bei ikatosha kununua kisanduku cha wati 650 chenye alama ya dhahabu, na chenji ikabaki. Watengenezaji wa kadi hiyo hushauri wati 600, hivyo palikuwa na akiba.

Alimpigia mdogo wake tena. Sikusikia yaliyosemwa upande wa pili, lakini nilisikia ya upande huu. "Kadi kubwa utaipata siku nyingine," alisema. "Hii inamaliza harusi kabla ya adhuhuri, na mama analala usingizi." Kisha akalipa.

Tulipotoka tulipita Kanda Myojin, hekalu ambalo chimbuko lake husimuliwa kuwa la mwaka 730, lililo mwendo mfupi kutoka mtaa ule. Hapo huuzwa hirizi za kulinda kompyuta na taarifa zake, na wafanyakazi wa maofisi huzinunua kwa heshima. Kijana alizitazama, akacheka, akasema kinga yake yeye ina uzito wa kilo mbili na iko mfukoni mwa plastiki.

MZIGO UNAFIKA MOROGORO

Mimi ndiye niliyeubeba mzigo huo. Kutoka Dar es Salaam niliupeleka kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni mwaka 2024, nayo huvuta volti 25,000 kutoka kwenye waya ulio juu ya reli. Mkoa wa Morogoro wenyewe ni mama wa umeme. Bwawa la Kidatu, lenye mitambo ya megawati 204, liko humo. Lakini megawati za Kidatu hazimsaidii mtu ambaye kisanduku chake kinaishia wati 216.

Fundi wa mtaani, kijana mwepesi na mwenye adabu, alikuja kufunga. Alipoona nyaya za kisanduku kipya zinachomolewa pande zote mbili, alishauri tuziache nyaya zilizobaki ndani ya boksi, kwa kuwa mwenye mashine alikuwa na seti nyingine kama hizo aliyopewa na rafiki, ndefu na nzuri zaidi. Pini zililingana na plagi iliingia. Hata hivyo mzee wa Akihabara alikuwa ametuonya mapema: upande wa kisanduku, mpangilio wa pini hautokani na kanuni moja, kila mtengenezaji hupanga apendavyo. Waya wa kampuni hii kwenye kisanduku cha kampuni ile waweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5, na diski ikafa mara moja. Nililisema neno hilo, fundi akalipokea vizuri, tukatumia nyaya zilizokuja na kisanduku.

Mashine iliwaka. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga yake mabegani, aliuliza swali moja tu: "Sasa hii haitaungua, mwanangu?" Mwanawe alimwonyesha kibandiko kipya, mstari wa volti 12, ampea 54. Akampigia hesabu kwa sauti: wati 648. Mama hakuijali namba, lakini aliiona furaha ya anayeisoma.

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Wazazi wengi siku hizi huombwa fedha za kadi ya grafiki, nao hawajui waulize nini. Waulize mambo manne. Kadi inakula wati ngapi, na watengenezaji wanashauri kisanduku cha wati ngapi? Mstari wa volti 12 kwenye kibandiko una ampea ngapi, na ukizidisha unapata nini? Plagi zinazohitajika zipo kwenye kisanduku chenyewe, bila viunganishi vya kubahatisha? Kisanduku kinapokea volti 230, na kina kinga zake? Kijana atakayejibu manne hayo amestahili kusikilizwa. Asiyeweza, na arudi dukani akasome kibandiko kabla ya kurudi kwa baba.

Kwetu ambako umeme hupanda na kushuka, si vibaya pia kuweka stabilaiza au kihifadhi umeme cha uwezo unaolingana na mashine. Lakini vitu hivyo havigeuzi kisanduku kibovu kuwa kizuri. Visanduku vyepesi kama boksi tupu, vyenye namba kubwa na bei ndogo, vimejaa katika masoko ya dunia nzima, na wahenga wa pwani walikwisha kutuambia: rahisi ghali.

Wahenga hao hao walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha nzuri zinazoelea kwenye kioo cha kompyuta zimeundwa juu ya kazi ya kisanduku ambacho hakuna mgeni anayekisifu. Atakayekinunulia heshima yake kwanza, kisha akaitafuta kadi kwa fedha iliyobaki, huenda akacheza kwa picha zenye ung'avu mdogo kidogo. Lakini atacheza na mwakani.